Nzuri Tu, Daktari

Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Sofa, ana ubishi wa kupigiwa mfano. Lakini mwulize habari, hata kama anakata roho atakujibu nzuri.

Alipoanza kukojoa huku ameuma meno, nilimburuta mwenyewe mpaka kliniki. Tukamkuta daktari mmoja, binti mdogo, mpole, anafanya utafiti. Alitueleza vizuri: wagonjwa wengine wanapewa dawa ya kawaida, wengine mkojo wao unapimwa kwanza, kila mtu achaguliwe dawa inayomuua mdudu wake. Mwisho walinganishe njia ipi inaponya zaidi. Kompyuta, ndiyo iliyopiga kura, ikamtupa Fundi kwenye kundi la dawa ya kawaida.

"Nitakupigia simu, mzee. Ukiniambia bado, nakubadilishia dawa mara moja."

Siku chache baadaye simu ikaita asubuhi, Fundi yuko karakana anawamba kochi, misumari mdomoni, wateja wamekaa wanamngoja. Na ile simu yake mbovu haisikiki mpaka uweke spika.

"Habari za leo, mzee? Mkojo bado unauma?"

Karakana nzima ikasikia. Wateja wakatazamana. Fundi akatema misumari kiganjani, macho yamemtoka.

"Nzuri tu, daktari! Nimepona kabisa, asante sana."

Nilikuwa palepale na chupa ya chai. Nilitaka kumvaa, ila na mimi nikaona haya mbele za watu, nikamimina chai.

Haikupita wiki, homa ikampanda, akalazwa. Mdudu keshafika kwenye figo. Daktari wetu akaja wodini mbio.

"Habari za leo, mzee?"

Fundi, dripu mkononi, meno yanagongana: "Nzuri tu, daktari."

Jamani! Nikalipuka. "Nzuri gani, wewe mwanamume? Mwambie ukweli! Hata siku ile ya simu ulikuwa unaumwa!"

Machozi yakamtoka Fundi. "Nisamehe, binti yangu. Nimekuharibia kazi. Niliona aibu, watu walikuwepo."

Binti akakaa pembeni ya kitanda, uso umemshuka. "Aibu ni yangu, mzee. Mimi ndiye niliyepanga mpigiwe simu saa za kazi. Nikaandika umepona, tena nikafurahi." Akafungua daftari lake la utafiti. "Na wale wengine wote walionijibu nzuri tu, je?"

Fundi alijifunika shuka gubigubi, na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikainama chini ya kitanda kutafuta kandambili zake.