Chuma cha Paja la Baba

Baba alipovunjika paja, daktari alimwekea chuma cha titaniamu, akamhakikishia kwamba hakitashika kutu hata akishazikwa. Baba hakuamini. Mwaka mzima alikataa kukanyaga maji ya mfereji unaopita kwenye migomba yetu, akawa anazunguka hadi darajani. Panga lake likaliwa na kutu, mabati ya nyumba yakatoboka. Chuma, kwenye picha ya eksirei, kilikuwa vilevile.

Ndipo akatuita wanawe watatu atugawie mali. Kifunguamimba akapata shamba la kahawa, kitindamimba akapata nyumba, kama desturi yetu Wachagga. Mimi wa katikati, ninayemfunga viatu kila asubuhi, nikauliza changu kiko wapi.

Baba akajipiga paja.

“Wewe utachukua hiki. Daktari amesema hakiozi.”