Nyaya Mbili Nyuma ya Ubao

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunitetea. Sitaji jina langu kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili, na niliyemuumiza ni kaka yake.

Mimi ni mtu wa makamo, msomi wa chuo kikuu, niliyepewa kazi Kibondo kusimamia umeme wa boma na hospitali. Injini zilikuwa mbili, za viwanda tofauti, kila moja ikionyesha joto lake kwa namna yake. Nikaunda ubao mmoja wa kuzisemea zote: taa ya kijani, injini ni salama, nyekundu, izime.

Shemeji yangu Yona alikuwa mtu wa zamu. Nilimfundisha mwenyewe. "Muramu," nilimwambia, kama Waha tunavyoitana mashemeji, "uamini ubao kuliko hata mimi."

Kisha akaja Damiani, niliyesoma naye, mkuu wa mitambo ya Kasulu. Aliniomba mchoro, nikampa kwa moyo mweupe. Haukupita muda wakubwa wakampongeza kwa "ubao wake", wakamkabidhi vituo vyote viwili. Nilipomlalamikia alicheka.

"Wewe una vidole, bwana. Mimi nina ulimi. Ndiyo maana Landrova ninayo mimi."

Halafu akaniagiza niufumue ubao wangu, niupange upya ufanane na wa Kasulu!

Nikaufumua. Nyaya za ziada nikazitoa, zilizosokotana nikazinyoosha. Kwa macho, kazi ilipendeza kuliko mwanzo. Lakini nyuma, pasipotazamwa na mtu, nilibadilisha nyaya mbili: taa za injini ya kwanza zikaisemea ya pili, na za pili zikaisemea ya kwanza. Damiani alikuwa analeta wageni wiki ile. Nilitaka azime injini iliyo nzima mbele yao, huku ya kwanza, iliyokuwa na tabia ya kupandisha joto, ikifuka moshi. Niliuona uso wake kabla ya siku yenyewe. Lo, kisasi ni kitamu kabla hujakila!

Mvua ikakata barabara ya Kasulu, wageni wasije. Nami nilikuwa na kazi Kakonko, nikaziacha nyaya zimngoje Damiani.

Joto likapanda katika zamu ya Yona. Taa nyekundu ya injini ya pili ikawaka, akaizima kama nilivyomfundisha. Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiungua, ikabebeshwa mzigo wote, ikakwama na kupasuka. Hospitali ikarudi kwenye karabai.

Niliporudi, kabla hata ya kumpa Yona pole, nilizirudisha nyaya mahali pake. Hapo ndipo ubaya wangu ulipokamilika.

Kwenye kikao Damiani aliujaribu ubao mbele ya wote. Ulikuwa sawasawa. Akamuuliza Yona kwa nini alizima injini nzima.

"Ubao ulionyesha ya pili."

"Kwa hiyo ubao ni mwongo?"

Yona alinitazama. "Hapana. Umetengenezwa na shemeji yangu. Ubao ule haudanganyi."

Wakacheka. Wakamfukuza kwa uzembe, nami nikakaa kimya kama jiwe la jikoni. Damiani hakuchubuka hata ukucha. Sijamsamehe mpaka leo, wala sijifanyi mtakatifu. Lakini chuki yangu ilimruka yeye, ikaangukia nyumba ya wakwe zangu.

Sasa Yona analima mihogo Kagerankanda. Majuzi nilimtembelea, akanimiminia pombe ya ndizi.

"Muramu, nimefikiri sana," alisema. "Huenda macho yangu yana kasoro. Siku hizi hata nikiona moshi shambani, namwita mke wangu kwanza anihakikishie."

Niliiweka pombe chini, nikaaga.

Ewe mwenye adui, mfuate mlangoni kwake, mwambie usoni. Usiupande uongo ndani ya chombo ambacho wengine wanakiamini, maana hujui siku hiyo atakayekitazama ni nani.

Nawe mama watoto, ikiwa umesoma hadi hapa, umekwishanijua. Nipo barazani. Jiandae twende Kagerankanda, nikamwambie kaka yako kwamba aliona sawa.