Mwalimu Mkuu na Somo la Mbwa

Nichekeni tu. Nilitoka kijiji cha Zuzu, mwalimu mkuu mzima, nikaja chuo Dodoma mjini na suti ya mitumba, maana mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa. Wiki ya mtihani wa saikolojia nikajitwika kuwafundisha wenzangu, vijana ambao ningeweza kuwazaa. Nikawaeleza kuwa mbwa akizoeshwa kengele kabla ya chakula, atadondosha mate akiisikia tu, hata chakula kisipoletwa.

"Lakini hayo ni ya mbwa," nikanguruma. "Msomi haitikii kitu bila kufikiri."

"Shikamoo, mwalimu," sauti ikasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, macho kwenye daftari.

Darasa zima likasimama. Nikageuka. Alikuwa mkufunzi wetu, mzee wa mvi kichwa kizima.

"Futa mate," akaniambia.