Kidole Kwenye Tableti Themanini na Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole.

Hakikuwa cha mtu aliyekuwepo pale. Kilikuwa ndani ya tableti, kwenye kipicha kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Kilikaa pembeni kabisa, kimeziba kona, kama mtu aliyepiga picha bila kujua kushika kamera. Ukucha wake ulikuwa umepasuka katikati.

Nikawasha tableti ya pili. Kidole.

Ya tatu. Kidole.

Nikaangalia mkono wangu wa kulia. Kidole cha shahada, ukucha umepasuka katikati.

Sikupiga kelele. Nilizima tableti, nikaiweka kwenye boksi lake, nikapiga selotepu.

Hivyo ndivyo kaka Gaudens alivyopoteza kazi.

Naitwa Mwanamkuu. Nimezaliwa Ilala, nimekulia Ilala. Shule niliiachia darasa la tano mama alipoanza kuumwa, nikaenda soko la Feri kumshikia karai la kukaangia samaki. Huko ndiko mafuta yalikoniunguza kidole. Ukucha ulipoota tena, uliota hivyo.

Kiswahili nasoma na kuandika. Kinachonishinda ni kuongea. Watu wakiwa zaidi ya wawili mdomo unajifunga wenyewe. Ndiyo maana hii naiandika.

Mwaka 2014 nilipata kazi kwenye duka la Bosi Alpesh, Kariakoo, mtaa wa Likoma. Baba yake aliuza vitambaa kwenye chumba hichohicho. Biashara huria ilipoingia akahamia redio, mtoto akaja na simu, mwisho kompyuta. Chini kwenye kaunta alikaa Najma, anauza huku anaongea, anaongea huku anauza. Juu ilikuwa stoo na meza ya fundi.

Mimi nilikuwa wa kufagia, kuchemsha chai na kufungua maboksi.

Fundi ndiye Gaudens. Mtu mrefu, mpole, shati kafunga mpaka kifungo cha juu, hata joto likiwa la kuchemsha maji. Ndiye mtu wa kwanza pale kuniuliza swali lisilohusu ufagio.

"Mwana, umekula?"

"Nimekula."

Kila siku hilo. Mara nyingi nilikuwa sijala.

Mwezi wa nane akaja mama mmoja anaitwa Selina, msimamizi wa shirika la kupima lishe ya watoto. Akaagiza tableti themanini na nne za Windows, zote aina moja.

"Nataka ziwe sawasawa, Alpesh," alisema. "Programu ile ile, fomu zile zile. Wapimaji wangu wakichukua yoyote, wasione tofauti."

"Utadhani zimezaliwa pacha, mama," Bosi akamjibu.

Ingekuwa wewe, ungekaa upige windo, yaani kuweka Windows, moja moja, uingize fomu moja moja, mpaka mwezi uishe. Gaudens hakufanya hivyo. Alichukua tableti moja, akaitengeneza yote kuanzia mwanzo. Hiyo akaiita mama. Ikishakamilika, unachukua nakala ya kila kilichomo ndani yake, unaiweka kwenye flashi. Flashi inachomekwa kwenye tableti nyingine, zile watoto, inamimina. Alikuwa na flashi sita. Sita kwa mara moja, raundi kumi na nne.

Najma alipopanda kuona alisema, "Watoto themanini na tatu, na mama mwenyewe wala hajanenepa."

Gaudens alicheka. Halafu akanigeukia.

"Mwana, njoo ushike hii."

"Mimi Kiingereza sijui, kaka."

"Nani kakuambia Kiingereza? Hesabu mistari. Bonyeza hapa na hapa pamoja, subiri. Ikija bluu, gusa wa tatu kutoka juu. Ikikuuliza swali, kitufe cha kushoto. Ikimaliza itajizima yenyewe."

Nikafanya. Ikaja bluu. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Umeona? Fundi huyo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi.

Alikuwa na sheria moja. Akishamaliza kumkagua mama, alimbandika kipande cha selotepu nyekundu mgongoni. Kuanzia hapo hakuna kugusa, hata Bosi.

"Nakala haichagui," alinieleza. "Kila kilichomo kwa mama kinaenda kwa watoto. Kizuri kinaenda, uchafu unaenda. Ukimgusa mama baada ya ukaguzi, umewagusa wote."

Nilielewa. Nasema hivi ili mjue kwamba nilielewa.

Siku ya kuchukua nakala, mama alibandikwa selotepu yake asubuhi. Gaudens macho yalikuwa mekundu. Mama yake mzazi alikuwa kalazwa, na yeye alikuwa na usiku wa tatu anakesha kwenye benchi la hospitali. Mchana Bosi alienda kula kwao, Najma alikuwa na wateja chini. Niliporudi na chai nikamkuta Gaudens kalala mezani, viganja vyake viwili kavilaza chini ya shavu, kama mtoto. Kifungo cha juu alikuwa kakifungua. Sikuwahi kuiona shingo yake kabla ya siku ile.

Mama alikuwa pembeni yake, anawaka.

Nikaweka chai chini. Nikamnyanyua mama. Kamera nilijua ilipo, nilimwona Gaudens akiijaribu. Nikagusa.

Ikalia, chak.

Nilisimama pale nikimtazama. Hakutikisika.

Sijui nilitaka kuipeleka wapi ile picha. Simu yangu ilikuwa ya vitufe, haipokei picha. Sikuwa na pa kuiweka. Na kufuta sikujua, hilo hakuwa amenifundisha. Nikamrudisha mama mahali pake na selotepu yake nyekundu, nikashuka chini kama mtu aliyeiba.

Nilipopanda tena, alikuwa kashaamka na flashi kashachomeka. Nakala inachukuliwa.

"Mwana, umekula?"

"Nimekula."

Hayo tu.

Siku mbili tukamimina. Yeye anachomeka, mimi nahesabu mistari. Mtoto akimaliza namwasha kidogo, nikiona vigae vya rangi, ile miraba ya programu, vimetokea kiooni namzima, naweka boksi. Haraka haraka. Kigae cha picha huwa kinageuka chenyewe baada ya muda, kinaonyesha picha zilizomo. Mimi nilikuwa nazima kabla hakijageuka.

Mpaka raundi ya mwisho. Zile tano za mwisho, pamoja na mama, vioo vyake vilikuwa na vumbi, nikawa nafuta moja moja na kitambaa taratibu huku inawaka. Kigae kikageuka.

Ndipo nilipokiona kidole. Na nyuma ya kidole, Gaudens kalala.

Gari la Selina lilikuwa chini linapiga honi. Wapagazi walishabeba maboksi sabini na nane. Gaudens alikuwa kwenye ngazi, anakuja.

"Tayari?" aliniuliza.

Hapo ndipo. Neno moja lingetosha. Angekasirika, wangeshusha maboksi, tungeanza upya. Bosi angefoka. Ningejulikana, ningefukuzwa mimi, yangeisha.

"Tayari," nikasema.

Kesho yake Selina alipanda ngazi zetu bila kumsalimia Najma. Mkononi alikuwa na tableti moja.

"Alpesh, huyu ni nani?"

Bosi akaangalia. Akaangalia tena.

"Nina wapimaji themanini na nne ukumbini, Mnazi Mmoja," Selina alisema, sauti yake ya chini kabisa. "Wafadhili wamekaa mstari wa mbele. Nawaambia washeni, wanawasha. Dakika mbili ukumbi mzima unacheka. Mwanamume kalala kwenye kila kioo. Mfadhili ananiuliza, hii ni sehemu ya mafunzo?"

"Mama, samahani sana."

"Samahani yako nitaibandika wapi? Nimewaambia tumechagua watu makini. Awamu ya pili ni tableti mia tatu. Sijui kama nitakuja hapa."

Bosi akamwita Gaudens. Mimi nilikuwa kwenye kona ya stoo na ufagio.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Umelala kazini kwangu."

"Nimelala, Bosi."

"Na picha nani kapiga?"

Gaudens aliichukua tableti. Aliiangalia muda mrefu kuliko picha ile ilivyohitaji. Halafu akainua macho, yakapita kwa Selina, yakapita kwa Bosi, yakafika kwangu. Yakashuka mpaka mkononi kwangu, kwenye ufagio. Nikakunja kidole.

"Nimejipiga mwenyewe," akasema. "Nilikuwa najaribu kamera."

"Umejipiga umelala?"

"Nilikuwa nafanya mzaha."

Kwenye picha ile mikono yake yote miwili iko chini ya shavu. Bosi hakuhesabu mikono. Selina hakuhesabu. Mimi nilihesabu. Moja, mbili.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Hakuna kilichotoka.

"Arre, Gaudens," Bosi alisema, na hakuwa na hasira hata, alionekana kachoka. "Mzaha kwenye kazi ya mtu. Kusanya vitu vyako, bwana."

Hakuwa na vitu vingi. Bisibisi, chaja ya simu, kikombe. Selotepu nyekundu aliiacha mezani. Alipofika kwangu akasimama kidogo.

"Mwana, kagua mama kwanza."

Akashuka ngazi.

Mchana ule tableti zilirudishwa. Zilikuwa themanini na tatu, moja mpimaji alikuwa kashaondoka nayo kwenda mkoani. Selina alizitaka kesho yake asubuhi, kwa hiyo hakukuwa na muda wa kumimina upya. Ilibidi kufuta kwa mkono.

Bosi alitazama meza tupu, akanitazama mimi.

"Wewe unaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba naweza.

Akanionyesha kitufe cha kufuta mara moja. Nikakaa kwenye kiti cha Gaudens. Kilikuwa kirefu, miguu yangu haikufika chini. Nikawasha, nikagusa picha, nikafuta. Nikawasha, nikagusa, nikafuta. Nilimfuta mara themanini na tatu. Nilidhani nitalia kwenye ya kumi, halafu kwenye ya hamsini. Sikulia. Nilisikia tu kama mkono wangu ni wa mtu mwingine.

Najma akaleta chai.

"Ila Gaudens naye. Mtu mzima unajipiga picha umelala. Wanaume wa Bongo wana mambo."

Nikacheka naye.

Selina hakuhama. Awamu ya pili alikuja, na mama wa awamu ile nilimtengeneza mimi. Bosi alisema sina makosa, niko kimya, nafuata mistari. Kile kiti kikawa changu. Kilikatwa miguu kidogo kikanitosha.

Gaudens sikumwona tena. Najma alisikia kwamba mama yake alifariki mwezi uleule wakamsafirisha Bukoba, naye hakurudi. Namba yake haikupatikana.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2018 nilikuwa na meza yangu mwenyewe, kwenye korido ya jengo moja hapohapo Kariakoo. Kijana mmoja akaniletea tableti kuukuu, haipokei chaji.

"Mambo, dada fundi. Nimeinunua mkononi kwa mtu. Kuna bahati hapo?"

"Acha nione."

Nikafungua, nikabadilisha tundu la chaji, ikawaka. Vigae vikatokea. Mimi nikaanza kufunga skrubu zangu.

Kigae kikageuka.

Kidole.

Ilikuwa ile ya themanini na nne.

Nikagusa picha, ikajaa kioo kizima. Miaka yote ile sikuwahi kuiona kubwa. Wakati wa kufuta nilikuwa naiona ndogo, na nilikuwa siangalii. Sasa nikaweka vidole viwili, nikaivuta karibu zaidi. Shavu. Viganja. Kifungo.

Jicho.

Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi. Kidogo tu, upana wa uzi. Lakini lilikuwa wazi, na lilikuwa linanitazama mimi. Na pembe ya mdomo ilikuwa imejikunja, kama mtu anayejizuia kucheka.

Hakuwa amelala.

Aliniona nikiweka chai chini. Aliniona nikimnyanyua mama, na ile chak aliisikia. Alijua picha imo ndani kabla hajachomeka flashi. Yeye, mtu wa selotepu nyekundu, angeifuta kwa mguso mmoja. Hakuifuta. Labda alisahau kwa uchovu. Labda alisema ataitoa baadaye, maana alitaka kukaa nayo kidogo. Sijui. Aliponiuliza kama nimekula, pengine alikuwa ananipa nafasi ya kusema kitu kingine.

"Dada, nani huyo?" kijana aliuliza.

"Aliyenifundisha kazi."

"Ifute tu, inanijazia nafasi."

"Subiri."

Nikachomeka flashi yangu, nikainakili. Halafu nikafuta. Themanini na nne.

Flashi ile ninayo. Nimeibandika selotepu nyekundu.

Wadogo zangu mnaojifunza kazi hii, kagueni mama kabla ya kumimina. Na ukiwa umekosea, sema palepale, boksi likiwa bado wazi. Mimi nilidhani kunyamaza ni kutokufanya kitu. Kumbe nilifanya. Nilimtoa mtu kwenye kiti, nikakikalia.

Sasa naliandika lile ambalo sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Kaka Gaudens, kile kidole ni changu. Nilikiona kabla gari halijaondoka, nikakujibu tayari.

Na siku zile zote ulizoniuliza, nilikuwa sijala. Nilikuwa nakupenda.