Kiti cha Kumlaza Mama

Baada ya upasuaji wa mgongo wa mama, daktari alituambia mambo mawili: anaruhusiwa kusafiri, ila asikae kitako zaidi ya saa moja bila kujinyoosha. Mama alisikia la kwanza tu. Mdogo wangu wa kike, anayepika keki katika hoteli moja kisiwani Morisi, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na alishasema safari ataigharamia yeye.

"Siwezi kumjua mjukuu kwa picha za simu," mama alisema. "Nitafutie ndege."

Sikuwa na wasiwasi. Hapa Mikumi kazi yangu ndiyo hiyo. Wageni wakimaliza kuangalia wanyama mbugani, mimi ndiye ninayewatafutia ndege za kwenda kupumzika visiwani. Mwanzoni niliamini kila nilichoambiwa na mashirika ya ndege. Kisha mgeni mmoja, mzee mwenye nyonga mbovu, akanipigia simu kutoka Shelisheli akiwa amefura kwa hasira. Kiti nilichomwahidi kwamba kinalala kilirudi nyuma kidogo tu, kama cha basi. Nilimwomba radhi, lakini aibu ile ilinikaa. Tangu hapo siulizi daraja la kiti, nauliza ni ndege gani. Ndege ndogo yenye ujia mmoja wa kupita kati ya viti, hata ukikaa mbele kule kwenye pazia, viti vyake mara nyingi huegama tu. Vinavyonyooka kama kitanda utavipata kwenye ndege kubwa zenye njia mbili, tena si zote. Na shirika lilelile laweza kurusha ndogo leo na kubwa keshokutwa.

Dar hadi Nairobi ni mwendo mfupi, mama angevumilia. Kazi ilikuwa Nairobi hadi Morisi, saa nne na ushee. Nikapiga simu.

"Dada, daraja la biashara viti vyote vinalala," kijana wa tiketi alinijibu.

"Vinalala au vinaegama?"

"Vinalala... kiasi."

"Kaka yangu, mama ana vyuma mgongoni. Niambie tu, Jumanne inaruka ndege gani?"

Akanitajia. Nikafungua ramani ya viti kwenye kompyuta: ujia mmoja. Alhamisi, vilevile. Jumamosi nikaona njia mbili, na viti vya mbele vimetengana kama vitanda vya wodini. Nikakata tiketi ya mama kule mbele na yangu nyuma kabisa, karibu na choo.

Jumapili iliyofuata mama aliagwa kanisani kwao Mamboya. Mchungaji alimwombea, wanawake wenzake wakamwimbia, na bibi mmoja akamfungia karanga za mjukuu ambaye hata meno hana.

Mimi nilikuwa naikagua ramani ile kila asubuhi. Siku ya Jumatano kiti cha mama hakikuwepo. Walikuwa wamebadilisha ndege.

"Ratiba haijabadilika, dada, saa ni zilezile," kijana alisema.

"Saa sijauliza. Nihamishie Jumamosi inayofuata, na uhakikishe ni ile kubwa."

Alihakikisha, na hakunitoza kitu. Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi ngumu.

"Nimeshaagwa!" alisema. "Jumapili naingiaje kanisani?"

"Wakuombee tena, mama. Hakuna aliyewahi kuzidishiwa maombi."

Alikwenda, akasimama nyuma karibu na mlango, na wakamwombea tena, safari hii kwa Kikaguru.

Tulipanda treni ya umeme Kilosa hadi Dar. Kila nilipomtazama alikuwa amesimama, anatembea kati ya viti na kusalimiana na watu kama anayegombea udiwani. Nairobi tulibadilisha ndege, tukapanda ile kubwa, nami nikamwacha mbele na kwenda kwenye kiti changu.

Chakula kilipoondolewa sikuweza kujizuia. Nilikwenda mbele, na mhudumu wa kike akanizuia kwa adabu.

"Samahani, dada, huku ni..."

"Nataka kumwona mama tu. Ametoka kupasuliwa mgongo."

Alinitazama, kisha akanisogezea pazia.

Mama alikuwa amelala chali, amenyooka kabisa. Juu ya blanketi la ndege alikuwa amejifunika kitenge chake mwenyewe, na viatu vyake vimepangwa chini kwa pamoja. Akafungua jicho moja.

"Umefuata nini?"

"Mgongo vipi, mama?"

"Mgongo umelala. Mimi ndiye unayeniamsha. Rudi ukakae."

Nilirudi kukaa nikiwa nacheka peke yangu, na jirani yangu akajivuta upande wa dirisha.

Tulipofika, kiti cha magurudumu kilikuwa kinamsubiri mlangoni. Mama alimshukuru aliyekileta, akaweka mkoba wake kwenye kiti, akatembea kando yake hadi nje, polepole, mgongo wima. Mdogo wangu alikuwa amesimama na mtoto kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema, na machozi yakamtoka.

"Marahaba, mwanangu. Usilie, utamtisha mtoto."

Akaangaza macho, akaona benchi, akakaa taratibu. Kisha akanyoosha mikono.