Nyumba ya Lubuye na Magiza Matano

Syntiche alinunua nyumba kama anavyonunua dagaa: alikwenda mara tatu kabla ya kutaja bei. Mara ya kwanza aligonga matofali kwa kidole. Mara ya pili alichagua siku ya mvua, aone bati linavuja wapi. Mara ya tatu alisikia kwamba mwenye nyumba ana safari ya Lubumbashi na nauli hana, na siku hiyo ndiyo alifungua kinywa. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, kule Lubuye, mbali na maji. Nyumba yao ya zamani ilikuwa karibu na ufuo. Ziwa lilipopanda lilifika hadi chini ya kitanda, na mtu ambaye maji yamelala chini ya godoro lake habembelezwi kuhama.

Pesa yake haikutosha. Iliyobaki alikopa katika koperative ya akiba, alipe kwa miezi thelathini na sita, dola mia moja na thelathini kila tarehe thelathini. Karatasi za nyumba zikaingia katika kasha la chuma la koperative, zikakaa huko.

"Nyumba yako, na karatasi yako iko kwa mwingine," alimwambia mume wake Alphonse. "Weye ni mupangaji mwenye kiburi, basi."

Alphonse alicheka. Yeye ni mtu wa Moba, fundi wa mashine za mitumbwi, mikono yake inanuka petroli hata siku ya misa. Syntiche ni Mubembe wa kaskazini ya ziwa, aliyeshuka Kalemie akiwa msichana na beseni moja la kukopa. Siku hizi anapokea dagaa ufukweni alfajiri, anaanika, anajaza magunia, na magunia yanapanda treni kwenda Nyunzu na mbele zaidi.

Mtu wa mbali afahamishwe jambo moja. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka usiku mweusi. Mwezi ukijaa, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi inalala mchangani. Kwa hiyo watu wa ufuo hawahesabu miezi ya kalenda, wanahesabu magiza. Giza moja ni kama siku kumi na nane za kazi, kisha mbalamwezi, kisha giza jingine. Ukimuuliza mvuvi deni lake atalilipa lini, atakujibu, "Giza lijalo," na hapo amekupa tarehe kamili.

Lakini juu ya mwezi kuna serikali. Tangu juzi juzi ziwa linafungwa miezi mitatu, toka tarehe kumi na tano ya mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa nane, ili samaki wazae. Samaki wazae, ni vizuri. Ila tarehe thelathini ya koperative haifungwi. Mwaka uliopita, wakati wa kufungwa, Syntiche alilipa mara mbili kwa kuuza cherehani na redio, na mara ya tatu hakulipa. Ikaja barua. Ilisema kwa adabu sana kwamba mkopaji akikosa miezi miwili mfululizo, nyumba itauzwa.

Cherehani ilikwisha kuuzwa. Redio pia. Na ziwa likifungwa, mashine za mitumbwi nazo zinanyamaza, yaani Alphonse anakaa. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu Syntiche akaketi na daftari la binti yao Carmel, akaandika upande wa nyuma. Malipo yaliyobaki: kumi. Dola elfu moja na mia tatu. Magiza kabla ya kufungwa: matano.

"Tunamaliza yote mbele ya kufungwa," alimwambia Alphonse.

"Malipo kumi ndani ya magiza matano? Mama Carmel, hesabu hiyo hata mwalimu ataikimbia."

"Kila giza, mia na thelathini ya koperative, na mia na thelathini ingine inakaa kwa sanduku."

"Itatoka wapi?"

"Kwa mdomo wetu."

Na kweli ilitoka mdomoni. Zamani alinunua makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu, kila siku fungu, na mafungu ndiyo bei ghali kuliko zote, ila maskini hulipa kidogo kidogo asione. Sasa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama njia ya Niemba, akiwangoja watu wanaosukuma baiskeli za makala kabla hawajafika sokoni na kusikia bei ya mjini. Alinunua gunia, akagawana na jirani. Unga wa muhogo alinunua kituoni, treni ikisimama, kwa muuzaji mwenye haraka. Maharage yalilowekwa toka jana yake ili yasile moto. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande kumi na viwili, na kila kipande kilikuwa na siku zake. Chai ilinywewa mara moja. Dagaa wazuri waliuzwa, nyumbani kulibaki chenga na vichwa. Motokari za magurudumu mawili, hizo pikipiki zinazokuokota kila kona, hakuzipanda tena. Alikwenda kwa miguu, na njiani alisalimia watu waliomdai salamu toka mwaka mzima.

Kuhusu bia ya Alphonse, walijadiliana kama watu wasiojuana. Alphonse alianza na chupa mbili kila Jumapili. Syntiche alianza na sifuri. Wakapatana chupa moja, Jumapili moja ndiyo, nyingine hapana.

Minerval, karo ya shule ya Carmel, hakuigusa. "Mutoto akifukuzwa shule saa ine, anarudi kula," alisema. "Hapo umepata hasara mbili." Matanga pia hakuyakosa, ila badala ya bahasha alipeleka mikono: alifika wa kwanza, akaosha sufuria za watu mia, akaondoka wa mwisho. Wengine walimsifu. Wengine walisema anaogopa kufungua pochi. Wote walikuwa na haki.

Mwezi wa tatu akaja mama mkwe, Mama Adolphine, na mtumbwi wa Moba. Pale kwetu mama mkwe anapokewa na kuku, na akirudi anasindikizwa na kitenge. Hii si sheria ya karatasi, lakini anayeivunja huhukumiwa upesi kuliko kortini. Mama Adolphine alinawa mikono, akafunua sahani, akakuta vichwa vya dagaa vinamtazama.

"Mama Carmel," alisema, "mutoto wangu alioa muke ao alioa sanduku?"

"Alioa vyote viwili, mama. Sanduku njo lilikuwa na feza."

"Mi ni Mukatoliki. Kwaresma nimeizoea, siku makumi ine na Pasaka inafika. Hii yenu inaisha lini?"

"Tarehe kumi na tano, mwezi wa tano."

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Alphonse alikuwa anachunguza ugali wake kama mashine iliyoharibika. Basi mama akala vichwa, akaomba vingine. Alikaa wiki mbili. Siku ya kurudi, Syntiche alimsindikiza hadi kwenye mtumbwi, mikono mitupu, na mbele ya watu. Alibeba mzigo wa mama mkwe kichwani ili mikono yake ionekane ina kazi. Vichwa vya dagaa havikumuuma, kutembea na njaa hakukumuuma. Hilo lilimuuma. Mama Adolphine alipanda, akaketi, akajifunika kitenge chake cha zamani, akageuza macho kwenye ziwa. Afadhali angetukana.

Giza la nne likaisha, sanduku likawa na dola mia tano na ishirini, na koperative imelipwa kila tarehe yake. Yakabaki malipo sita, mia saba na themanini. Giza moja zima lingeyamaliza. Mwezi wa tano ulianza na mbalamwezi imejaa, nyeupe kama sahani, na Syntiche alikuwa anashona magunia kwa utulivu wa mtu anayejua hesabu yake. Ndipo mtu wa serikali akapita ufukweni na kipaza sauti: tarehe kumi na tano, mtumbwi utakaokamatwa majini ni shauri la mwenyewe.

Sindano ikasimama. Tarehe hiyo aliijua toka mwanzo, alikuwa ameiandika. Lakini aliijua kama tarehe, na magiza aliyajua kama magiza, na mambo hayo mawili hakuwahi kuyalaza kitanda kimoja. Mwezi umejaa tarehe mosi. Giza litaanza tarehe sita. Tarehe kumi na tano ziwa limefungwa. Siku tisa. Giza la tano lilikuwa nusu.

"Na mwaka jana, haikuwa vile?" aliuliza Alphonse.

"Mwaka jana walifunga kukiwa mbalamwezi. Giza lilikuwa limekwisha, njo maana sikuliona."

Mfanyabiashara anayehesabu kwa kalenda asingekosea hivyo. Ila mfanyabiashara wa kalenda hawezi kununua dagaa.

Alphonse alisema waende kumwomba jeran, mkuu wa biro ya koperative, awangoje hadi mwezi wa nane. Syntiche alikataa. Kungojwa kuna bei yake, na anayeomba kungojwa amekwisha kusema kwamba hana. Alifanya kazi siku tisa zile kama watu wawili. Tarehe kumi na nne alikuwa na dola mia sita na hamsini, hata senti moja zaidi. Zilipungua mia na thelathini. Akafunga mia sita katika kitambaa kimoja, hamsini katika kingine, akavaa vizuri, akaenda.

Jeran, Papa Christophe, alikuwa mtu wa miwani na kalamu tatu mfukoni. Syntiche aliweka kitambaa cha kwanza mezani, akakifungua, akaacha pesa ipumue kidogo.

"Mia sita, Papa. Ninamaliza deni leo."

Papa Christophe alitazama daftari. "Deni ni mia saba na themanini, Mama."

"Hiyo ni pamoja na faida ya mkopo ya miezi sita, ishirini na tano kila mwezi. Miezi hiyo sitakuwa na pesa yenu. Nitailipia kitu gani? Ukishuka gari Nyunzu, wanakulipisha mpaka Kabalo?"

"Mkataba hausemi mambo ya gari."

"Unasema ni marufuku?"

Papa Christophe alisoma mkataba. Haukusema hivyo wala vile. Alivua miwani, akaipangusa. "Mama, koperative haiko soko. Hapa bei haishuki."

"Sawa." Syntiche alianza kufunga kitambaa, polepole, pembe ya kwanza, pembe ya pili. "Basi nitalipa tarehe makumi tatu, kama Mungu anapenda. Kesho ziwa linafungwa. Papa, mwezi wa saba ni muntu gani wa ufuo atakuja hapa kuleta? Watakuja kutosha akiba, kuitoa yote. Watoto watakula nini? Watatosha akiba yao, na weye utawapa makaratasi ya mkataba?"

Nyuma ya Syntiche, kwenye benchi, wanawake watatu wa ufuo walikuwa wanangoja zamu, kila mmoja na kijitabu chake cha akiba. Walikuja kutoa. Syntiche alikuwa amewaona alipoingia, na alijua kwamba jeran naye amewaona.

"Mia saba," alisema Papa Christophe kwa sauti ya chini.

"Mia sita na kumi."

"Mama, nitajibu nini kwa wakubwa?"

"Utajibu kwamba mwaka huu kuna muntu moja wa ufuo alilipa mbele ya kufungwa. Uliza kama wako na mwengine."

Wakavutana. Jeran aliandika, akafuta, akaenda chumba cha nyuma kupiga simu, akarudi. Faida ya miezi mitano iondoke, ya mwezi mmoja ibaki, na dola kumi na tano za kuandika karatasi. Mia sita na sabini.

Syntiche alifanya hesabu na uso wake haukuonyesha kitu. Zilipungua ishirini. "Karatasi ya kalamu dola kumi na tano?" alisema. "Kalamu yako inatumia mafuta ya ndege? Mia sita na makumi ine. Kitambaa cha pili njo hiki, tafuta kama kuna cha tatu."

Mmoja wa wanawake kwenye benchi alicheka. Papa Christophe alitazama benchi, akatazama pesa, akafungua kasha.

Syntiche hakuinuka pale pale. Alihesabu kurasa. Alisoma jina lake kila lilipoandikwa. Alimwomba jeran aandike kwa mkono kwamba deni limekwisha, atie tarehe, apige muhuri, na muhuri ulipotoka hafifu akaomba upigwe tena. Alipokuwa nje tayari, kwenye ngazi, akaketi hapo kidogo, karatasi zikiwa tumboni chini ya blauzi.

Nyumbani Alphonse alinawa mikono mara mbili kabla ya kuzishika. Aliangalia muhuri mmoja, akaangalia wa pili.

"Imebaki ngapi?"

"Dola kumi."

"Kwa miezi mitatu?"

"Kesho unaenda Bendera. Kule kuna mashine za kusaga unga, na mashine ya kusaga haifungwi na serikali. Beba vyombo vyako."

Alphonse alikubali kwa kichwa. "Na weye?"

"Mi ninalala."

Ilikuwa saa nane mchana. Akaingia chumbani, akavua viatu, akalala juu ya kitanda bila hata kutandua, mlango wa mbele ukiwa wazi. Jirani alipokuja kuuliza habari za gunia la makala, Alphonse alimwambia kwamba mwenye nyumba amelala, arudi jioni.