Ya Tatu Kutoka Kushoto

Hasira yangu na ile programu haijaisha mpaka leo, na sina mpango wa kuimaliza. Watu huniambia niachane nayo, kwamba dunia ndivyo inavyokwenda. Wanaosema hivyo wote wanajua kusoma.

Kibanda changu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, kiko kando ya njia ya kwenda bombani. Nachaji simu, nabadilisha vioo vilivyopasuka, nahamisha nyimbo za kwaya kutoka simu moja hadi nyingine. Lakini kazi iliyonijengea heshima ilikuwa ya mama zetu, wale waliotoka Fizi na Uvira, Kongo, wakijua jembe kuliko kalamu. Watoto wao wamepata safari, wako Amerika, Kanada, Australia, na kutoka huko wanawatumia mama zao simu ambazo wao wenyewe wamekwisha kuzichoka. Simu ni nzuri, sikatai. Ila mama akiishika haoni chochote isipokuwa vipicha vya rangi vilivyojazana.

Basi niliwapangia. Nilikuwa naunganisha simu na kompyuta kwa waya, na ile programu ya kwenye kompyuta ilinionyesha uso wote wa simu kwenye kioo kikubwa, na kila apu nikaivuta hadi mahali ninapotaka. Mama aliketi juu ya ndoo pembeni yangu akitazama. Nilimwambia hili ni shamba, na hili la juu ni tuta la kwanza. Kutoka kushoto: ya kwanza ni kupiga simu, ya pili ni Biblia inayojisoma, ya tatu ni ya kumtumia mtoto sauti, ya nne ni tochi. Takataka nyingine zote nilizifukia kurasa za nyuma zisimsumbue.

Simu zote nilizipanga vilevile. Ndiyo maana mama mmoja bombani aliweza kumfundisha mwenzake bila hata kuiona simu yake: "Gusa ya tatu, sema, gusa tena." Nilikuwa nawasikia nikiwa kibandani, nami najivuna. Kwa nini nisijivune?

Mmoja wao alikuwa mama wa Fizi, mjane, jirani yangu. Mwanawe wa pekee yuko Australia. Kila magharibi mama alikuwa anagusa ya tatu, anamwambia mwanawe habari za siku, na asubuhi akiamka anakuta sauti ya mwanawe inamngoja. Mwaka mmoja kijana alimwomba ruhusa. Alitaka kumuoa binti wa Kinyarwanda waliyekua naye hapahapa kambini, ambaye nyumba yao iko ng'ambo ya bomba. Mama, aliyekimbia vita ambavyo kwao huwalaumu Wanyarwanda, hakukubali wala hakukataa. Alimwambia, "Niache kwanza niombe." Kwao jibu la ndoa humfikia mtoto kwanza, naye ndiye huwaambia wakwe, mzazi haendi kwa wakwe kabla. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri jibu la mama huyo.

Wakati huohuo kompyuta yangu ilianza kuwa nzito. Nikaipeleka Lilongwe, kwa fundi mmoja wa Chilinde mwenye intaneti ya maana. Akaisafisha, na alipoona ile programu inaomba apdeti, akaikubalia. Nilishukuru, tena sana, kwa maana apdeti moja hapa kambini inakula bando lote.

Nilirudi, nikachomeka simu ya mteja wa kwanza, nikatafuta ukurasa wa apu. Haupo. Nikafungua kila mlango wa ile programu, nikaifunga, nikaizima kompyuta, nikaiwasha tena. Mwishowe nikasoma maelezo ya waliotengeneza. Walikuwa wameuondoa kwa makusudi, ili programu iwe nyepesi; tangu sasa mwenye simu atapanga apu zake mwenyewe, kwa kidole, ndani ya simu. Mwenye simu! Nilitamani waje waketi juu ya ile ndoo yangu, niwaonyeshe mwenye simu.

Nikarudi Chilinde. Fundi akasema, "Pepani, achimwene," pole ndugu yangu, na akaniuliza kwa nini nalalamika wakati programu sasa ni nyepesi. Nikatoka kwake nimevimba. Nikazunguka sokoni, nikaingia kila kibanda chenye kompyuta, nikavuka hadi Mtandire kwa muuza mitumba ya kompyuta, nikiuliza nani bado ana ile ya zamani. Kila mtu alinionyesha mpya, huku anatabasamu. Sikuwahi kutafuta duka lililopitwa na wakati, na siku niliyolitafuta, yote yalikuwa ya kisasa. Muuza mitumba alinipatia ya zamani mwishoni. Nilipoichomekea simu, simu ikaikataa, ikadai mpya. Nilirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye meno.

Wiki hiyohiyo simu ya yule mama wa Fizi iliganda. Haikuwaka wala kuzimika. Dawa ni moja tu, kuifuta yote na kuianza upya, nami nikaifuta mbele yake kwa idhini yake. Apu zikaanza kurudi zenyewe kwa bando, polepole, kila moja ikiketi popote ilipokuta nafasi. Nikajaribu kuzipanga kwa kidole. Ukiigusa moja zote zinatetemeka, ukiisogeza moja nyingine inaruka ukurasa wa pili, na kile kioo chake kilikuwa na ufa katikati. Natukana moyoni, naanza upya. Kengele ya kanisa ikalia, na mama ni wa kwaya. Akaninyang'anya simu.

"Bado, mama. Ile ya sauti haijashuka. Urudi ukitoka kanisani."

"Ya tatu iko," akasema kwa Kiswahili cha kwao Fizi, akinionyesha kwa kidole. "Hata kama rangi imebadilika. Simu za bantu bote zimebadilika rangi."

Hilo lilikuwa kweli. Apdeti ya simu zenyewe ilikuwa imebadilisha rangi za vipicha, na mtaa mzima ulikuwa unalalamika. Akaenda zake, na jioni ile hakurudi.

Alirudi wiki nyingi baadaye, mvua zilipokuwa zimeshaanza. Alikuwa amekonda, na salamu yangu aliipokea kama mtu anayepokea chenji pungufu.

"Simu yako iko nzuri," akasema. "Mutoto wangu njo mubaya. Mi nasemaka naye kila magaribi, hanijibu. Nimempa baraka yangu, hata aksanti hakusema. Na bale bakwe, tukikutana ku bomba, habanisalimiaka tena."

Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akagusa ya tatu kutoka kushoto, akagusa alama ya kipaza sauti, akanitazama. Ile ya tatu ilikuwa kinasa sauti tu, kile kinachokuja na simu. Hakimtumii mtu yeyote kitu chochote. Alikuwa ameketi kila magharibi, anaisemesha simu yake mwenyewe.

Nikamweleza. Hakuelewa, au alikataa kuelewa, mpaka nilipobonyeza sauti ya kwanza kabisa, ya jioni ileile ya kwaya.

"Mutoto wangu, nimeomba. Mungu hanikatazi. Umuoe. Namuonaka ku bomba, anasaidiaka bamama kubeba maji. Umwambie bazazi bake nitakuja."

Zilizofuata nilizisikia nusunusu, kwa aibu. Umesikia? Nijibu. Kisha, sasa we ni mukubwa, baraka ya mama ni kitu ya kutupa. Ya mwisho ilikuwa fupi: usiniite tena mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akaizima.

Nikafungua ukurasa wa pili. Ile apu ya kutuma sauti ilikuwa imejibanza huko tangu siku ile, na sauti za kijana zimejaa humo, hakuna hata moja iliyosikilizwa. Za mwanzo ni za furaha. Mama, nangoja. Mama, umeshaomba? Halafu, Mama, uko mzima? Nimeuliza, bameniambia uko mzima. Tukafika ya mwisho.

"Mama, nimeelewa. Kunyamaza njo kukataa. Siwezi kuoa na we uko unalia. Nimemwambia ule dada aendelee na maisha yake."

Sijui nilisema nini. Nadhani nilikitukana kiwanda cha watu nisiowajua, kwa sauti, na kwa lugha mbili. Kisha nikamtumia kijana ile sauti ya kwanza, na maelezo yangu mafupi. Ikaenda, ikabaki na alama moja tu. Kule ilikuwa usiku, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikamwambia mama tungoje hapahapa, akiamka ataisikia.

Mama alikuwa ameshasimama, anakaza kitenge chake.

"Ule analala," akasema. "Mwenye analia iko hapa. Funga kibanda."

Nikafunga. Tulipita bombani, mama mbele, mimi nyuma na simu, wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatugeukia wote. Nilikuwa natembea kwa wasiwasi wa mtu anayepeleka mzigo usio wake. Ng'ambo ya bomba tulimkuta yule binti ameketi kwenye mkeka uani, ungo wa maharagwe miguuni, na mama yake mlangoni. Mama yake aliitikia hodi yetu bila kutukaribisha. Binti hakuinuka.

Mama wa Fizi hakueleza chochote. Alinipa ishara, nami nikabonyeza.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimetulia juu ya maharagwe. Aliposikia habari ya kubeba maji, mama yake mlangoni alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nikaanza kueleza kwamba sauti hii ni ya zamani, ilisemwa mapema kabisa, ni mashine tu ndiyo iliyoikalia. Binti alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mama wa Fizi.

"Juu ya nini haukukuja tu na miguu, mama? Kutoka kwenu mpaka hapa ni kupita bomba."

Nilikuwa na jibu refu, lenye waya na apdeti na Chilinde yote ndani yake. Mama alinitazama kana kwamba nitalitoa. Halafu akaacha kunitazama.

"Niliogopa," akasema. "Ku simu nilikuwa naweza kusema. Ku uso wako sikuweza."

Binti akarudi kuchambua maharagwe yake, anatupa mabovu pembeni, kichwa kimeinama. Alichambua kwa muda mrefu. Kisha akausogeza ungo mpaka katikati ya mkeka, na mama wa Fizi akavua viatu, akaketi upande wa pili, akaanza kuchambua naye.